Kokoto Mpya Haimjui Mkwe

Kokoto mpya haimjui mkwe. Mmeisikia leo kwenye kivuko, mto ulipokuwa umejaa na bibi harusi wa juzi amesimama katikati ya maji, ndoo kichwani, akiukwepa mkono wa baba mkwe wake kana kwamba umepakwa upupu. Mama mmoja aliyekuwa ng'ambo ya mto akampigia kelele maneno hayo, watu wakacheka, binti akaushika mkono, akavuka. Nanyi mkacheka pamoja nao, kisha mkaja mbio kuniuliza mlichokuwa mnachekea. Ndivyo vijana mlivyo, kicheko kwanza, maana baadaye. Lakini kuuliza si ujinga. Kaeni, basi. Mwanzo wa methali hii ni huu.

Pale kijijini Mwagulila palikuwa na kijana aitwaye Maduhu, mwendesha bodaboda. Alikuwa mtu wa maneno machache na pikipiki safi. Kila asubuhi aliiosha kabla hajanawa uso wake mwenyewe, hata mkewe, Kabula, akawa anamtania kwamba iko siku atamkuta anaipikia uji. Walipendana sana wale wawili, na mwaka huo Kabula alikuwa mjamzito wa mimba yao ya kwanza.

Mama yake Kabula aliitwa Holo, mjane wa kijiji cha jirani, na kwa kushika heshima ya ukwe hakuwa na mfano. Nyinyi wa leo mnapiga picha na wakwe zenu mmekumbatiana. Kwa watu wale haikuwa hivyo. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawakupeana mkono, hawakula pamoja, hawakutazamana usoni, na hawakuambiana neno moja kwa moja. Likiwapo la kusema, lilipitia kwa mtu wa tatu, na mtu asipokuwapo, lilipitia kwa chochote kilichokuwa karibu. Mama Holo aliwahi kumsimulia mbuzi habari ndefu ya msiba, Maduhu amesimama upande wa pili wa zizi, naye akatoa pole zake kwa mbuzi yuleyule. Mbuzi akaendelea kula majani, na hakuna aliyeona ajabu. Siku nyingine walipokutana kwenye njia nyembamba ya mashambani, mama huyo alijitosa ndani ya pamba ya watu, akachutama humo mpaka mkwe wake akapita.

Msidhani alimchukia. Alimpenda kuliko wakwe zake wote, na heshima ile ndiyo ilikuwa namna yake ya kumpenda. Maduhu alilijua hilo, naye akamrudishia heshima kwa heshima.

Sasa, mwaka huohuo barabara ya kwenda kituo cha afya ilikuwa inawekwa lami. Si lami ile nene ya mjini. Hii ilikuwa ya lori moja kumwaga lami ya moto, lori la pili likafuata likitandaza kokoto juu yake, kisha mtambo wa kushindilia ukapita. Ukiitazama kwa mbali unasema kazi imekwisha. Bado. Kokoto za chini zimeshashikwa na lami, lakini za juu ziko huru, zinangoja magari yazikanyage mpaka zitulie au zifagiliwe pembeni. Kwa gari si neno. Kwa pikipiki ni sawa na kutembea juu ya mahindi yaliyomwagwa sakafuni.

Waendesha bodaboda wa Mwagulila waliisoma barabara ile kwa magoti yao. Mmoja alianguka akavunjika mkono, na wenzake wakaegesha pikipiki kijiweni wakisema wataingoja iive. Maduhu hakuegesha. Alikuwa amekwisha jifunza tabia ya kokoto: usishike breki ya mbele, usikate kona ghafla, usiongeze wala usipunguze mafuta kwa pupa. Fuata pale tairi za malori zilipopita, maana hapo kokoto zimelala. Katikati ya njia mbili za tairi kuna tuta la kokoto zilizorushwa, na tuta hilo ndilo linaloangusha watu. Na ukiwa na abiria, abiria huyo awe kama gunia lililofungwa vizuri, akushike, alale ulalapo, ainuke uinukapo. Abiria asiyekushika ni mtu wa pili anayeendesha pikipiki hiyohiyo, na hamjakubaliana mnakwenda wapi.

Kabula akashikwa na uchungu kabla ya wakati wake. Gari la wagonjwa likamwahisha kituoni, Maduhu nyuma yake na pikipiki. Alfajiri wakampasua, wakatoa watoto wawili wa kike, Kulwa na Doto, njiti, wadogo kiasi kwamba baba yao alipoonyeshwa aliogopa hata kuwapumulia.

Muuguzi wa zamu alimweleza mambo kwa utaratibu. Watoto wa namna ile hawawezi kujitunzia joto. Dawa yao kubwa ni kufungwa kifuani kwa mtu mzima, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Kabula ana mshono na homa, atamudu mmoja tu. Mwingine muuguzi alikuwa amemfunga kifuani kwake mwenyewe, lakini wodi ilikuwa imejaa na wazazi wengine walikuwa wakimwita. Maduhu akafungua vifungo vya shati lake palepale. Muuguzi akatabasamu, akamwambia kifua chake ni chema na zamu yake itafika, ila wodi ya wazazi mwanamume halali, na mtoto huyu hana muda wa kubadilishwabadilishwa.

"Ana bibi?" akauliza.

"Anaye."

"Kamlete. Nataka kifua chake hapa kabla jua halijageuka. Huyu mdogo ameanza kupoa."

Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda kumchukua mgonjwa mwingine, la abiria la asubuhi lilikuwa limeshapita, na wenzake wa kijiweni tayari wameegesha. Maduhu hakuwa na wa kumtuma. Akawasha pikipiki akaenda mwenyewe.

Alipofika kwa mama mkwe wake alisimama nje ya ua, akageuza uso pembeni, akakiambia kinu kilichokuwa uani. Akakieleza kwamba Kabula amejifungua kwa upasuaji, kwamba watoto ni wawili na ni njiti, kwamba mmoja anapoa na muuguzi anamtaka bibi yake sasa hivi. Ndani ya nyumba sufuria ikaanguka. Kisha sauti ya Mama Holo, imebadilika kidogo, ikakiambia kinu kwamba anakuja.

Alitoka na kikapu cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, na kanga kuukuu laini za kuwafungia watoto. Na hapa ndipo kosa lilipopanda pikipiki pamoja nao, kosa la watu wenye adabu. Mama Holo alikaa upande, miguu yote miwili kushoto. Akakiweka kile kikapu katikati yake na mkwe wake, kama ukuta. Mkono mmoja ukashika kikapu, mwingine ukashika chuma cha keria nyuma. Maduhu aliona haifai, lakini mkwe gani angefungua kinywa kumwambia mama mkwe wake apanue miguu na amkumbatie? Akaondoa pikipiki.

Kwenye barabara ya vumbi walikwenda vizuri. Walipofika mwanzo wa kokoto walimkuta dada mmoja mwenye bendera, mfanyakazi wa barabara. Aliwatazama, akamwambia Mama Holo kwa upole, "Bibi, mshike kijana, hapa panateleza." Wote wawili wakajifanya hawakusikia. Dada akatikisa kichwa, akawafungulia njia.

Maduhu akaifuata njia ya tairi polepole. Jasho lilikuwa likimtoka. Mwishowe akaona bora aseme, hata kama ni kwa kuzunguka.

"Pikipiki," alisema kwa sauti, "huku mbele utelezi ni mwingi. Ingefaa abiria akae mguu huku na mguu huku, ashike vizuri."

Kisha Mama Holo akasema, "Kikapu, mwambie kwamba abiria ameshika."

Ni kweli alikuwa ameshika. Alikuwa ameshika keria.

Hawakwenda mbali. Lori la maji likatokea mbele yao, limeifuata njia ileile ya tairi, na lori halimpishi mtu. Maduhu akawa hana budi kutoka, avuke lile tuta la kokoto kuingia upande wa pili. Angekuwa peke yake angelivuka. Lakini uzito wote wa nyuma ulikuwa upande wa kushoto, na Mama Holo alipoona pikipiki inainama kulia, naye kwa hofu akajivuta kushoto. Tairi la nyuma likakimbia. Kikapu kikatangulia, Mama Holo akafuata, Maduhu na pikipiki wakawa wa mwisho.

Mwendo ulikuwa mdogo, Mungu saidia. Maduhu alichubuka goti. Mama Holo alijikuta ameketi juu ya barabara mpya, michembe imemzunguka, kanga aliyovaa imeshika lami. Maduhu akaruka kumwinua. Akafika, akainama, akanyoosha mikono, na mikono ikasimama hewani. Haikuweza kumgusa. Kijana yule alisimama vile, ameinama juu ya mama wa watu aliyeanguka, anashindwa kumwinua, na Mama Holo akawa anaitazama ile mikono. Akajikongoja akainuka mwenyewe, huku akiegemea chini.

Baadaye Maduhu alisema kwamba goti halikumuuma, ila ile mikono yake ndiyo iliyomuuma. Alijua kabisa kwamba mbele yao kokoto bado ni ndefu na malori bado yanakuja. Wakiendelea hivi, wataanguka tena, na safari ijayo huenda kukavunjika mtu. Kwa miguu wangefika jioni. Na jua lilikuwa linapanda, na kule kituoni mwanawe alikuwa anapoa.

Akafungua kinywa. "Pikipiki," alianza. Lakini pikipiki ilikuwa imelala ubavu, haiwezi kujisaidia yenyewe, itabeba vipi ujumbe wa watu? Akageuka. Hakumtazama usoni, hilo hakuthubutu, ila alimsemesha yeye.

"Mayu," alisema, na ndivyo alivyomwita mama aliyemzaa. "Nisamehe nakusemesha. Nikiendelea kuzungumza na pikipiki hatutafika. Panda kama mwanamume, usogee karibu, unishike kiunoni kwa mikono yote miwili, kifua chako mgongoni kwangu. Nikilala ulale nami. Usiniachie mpaka nikuambie."

Mama Holo aliyageukia mashamba. Watu wa rika lake walikuwa wamezeeka bila kuambiwa maneno kama yale. Maduhu akadhani ameharibu kila kitu, kwamba sasa mama huyu atashika njia kwa miguu, na mtoto atakufa kwa sababu ya ulimi wake.

"Na kikapu?" Mama Holo akauliza. Na hakukiuliza kikapu wala pikipiki. Alimwuliza yeye.

"Kiache. Dada wa bendera atatutunzia."

Mama Holo akachomoa zile kanga laini kikapuni, akazifunga kiunoni, akakaza vazi lake, akapandisha mguu. Akasogea mpaka hapakubaki nafasi. Mikono yake, mikavu na yenye nguvu za jembe, ikakutana mbele ya tumbo la mkwe wake, vidole vikafungana.

"Twende, mwanangu," alisema.

Maduhu akavuta mafuta polepole. Mara ile akaihisi pikipiki imebadilika. Ilikuwa ileile, barabara ileile, lakini sasa ilibeba mwili mmoja. Alipoinama, mgongo wake uliinama na uzito mwingine uliokubali. Moyo wa mama yule ulikuwa ukigonga mgongoni kwake kwa nguvu, anaogopa, ameogopa sana, na bado hakulegeza. Lori jingine likaja. Maduhu akatoka kwenye njia ya tairi, akaliingia tuta, tairi la nyuma likatikisika mara mbili, naye hakugusa breki, na Mama Holo hakujivuta. Wakavuka pamoja. Kokoto zilizorushwa na lori zikawapiga miguuni, wakacheka wote wawili kama waliomwagiwa maji.

"Asante," Maduhu alisema, na hakujua amesema kwa Mungu, kwa lori au kwa mama mkwe wake.

"Asante nawe," sauti ikajibu mgongoni kwake.

Walipofika mlangoni pa kituo, Maduhu alizima pikipiki, akangoja. Mikono haikutoka. Akangoja tena.

"Mayu, tumefika. Niachie sasa."

"Ulisema nisikuachie mpaka uniambie," Mama Holo akasema, akamwachia, akashuka mbio za mtu mwenye nusu ya umri wake.

Maduhu hakuingia. Alikaa nje ya mlango wa wodi ya wazazi, goti linavuja, akisikiliza. Alisikia maji ya kunawa. Alisikia muuguzi akisema, hapo, hapo katikati, sasa mfunge. Kisha hakusikia kitu kwa muda mrefu, na muda ule ulimzeesha. Ndipo akasikia sauti ya Mama Holo ikiimba chinichini, wimbo wa kubembelezea ambao Kabula naye huuimba akiwa jikoni. Muuguzi akachungulia mlangoni.

"Anapata joto," alisema. "Vidole vimeanza kuwa vyekundu. Nenda ukaoshe hilo goti."

Kijana yule akaweka uso wake kwenye mikono, akalia, akamshukuru Mungu kwa sauti bila kumwonea haya mtu yeyote. Akamshukuru muuguzi, akamshukuru na dada wa bendera asiyekuwapo. Mwisho, msinicheke, akaishukuru barabara.

Watoto wakakaa vifuani, mmoja kwa mama, mmoja kwa bibi, na baba akipokea zamu yake mchana. Wakanenepa, wakafungua macho, wakatoka kituoni wanapiga kelele za kutosha nyumba mbili.

Lakini mdomo haukai kimya. Habari ya mama mkwe kumkumbatia mkwe wake barabarani, tena mchana, tena mbele ya madereva wa malori, ikafika kwa Mzee Ngassa, ndugu wa marehemu mume wa Mama Holo. Mzee huyu hakuwa mtu mbaya, ila mila alizishika kwa meno. Siku jamaa walipokusanyika kuwaona mapacha alisimama akasema kwamba furaha ni furaha, na kosa ni kosa. Ukwe umevunjwa. Lazima Maduhu atoe mbuzi ili mambo yarudi mahali pake.

Maduhu hakubisha. Alikuwa ameshainuka kwenda kumtafuta mbuzi, na kwa furaha aliyokuwa nayo angetoa hata ng'ombe. Mama Holo akamzuia kwa mkono. Alikuwa amempakata Doto, na aliinuka naye.

"Shemeji," alisema, "hapa hakuna anayeijua heshima kunizidi, nawe ni shahidi. Nilijitupa kwenye pamba ya watu kwa ajili yake. Siku ile pia niliishika. Nilimwekea mkwe wangu kikapu mgongoni, nikakaa upande, nikashika chuma. Kokoto ikaniangusha na heshima yangu, na yeye akashindwa kuniinua kwa sababu ya heshima yake. Tungeendelea hivyo, huyu mtoto mngekuwa mmekwisha mzika. Kokoto mpya haimjui mkwe, shemeji. Haikuuliza mimi ni nani kwake. Iliuliza kama nimemshika."

Kulwa alilia kidogo upande wa pili, akanyamazishwa.

"Mbuzi atatoka," Mama Holo akaendelea, "usihofu. Lakini atatoka zizini kwangu, na atakwenda kwa Maduhu. Mila yetu inasema anayemrudisha mtu wako akiwa hai humwachi aende mikono mitupu. Au hiyo nayo tumeisahau?"

Mzee Ngassa alimsogelea yule mtoto. Kisha akanyoosha mikono, akaomba apewe ampakate. Alipokuwa naye, mdogo, moto, anamshika ndevu, akasema kwa sauti ya chini kwamba mbuzi aletwe, tena awe dume, naye ataongeza wa pili kutoka zizini kwake.

Barabara ile ilikuja ikatulia, kokoto zikashika, watoto wa kijiji wakawa wanaiteremka na baiskeli. Mama Holo akarudi kwenye mila zake, hakula na mkwe wake wala hakumpa mkono, maana hakuwahi kusema mila ni mbaya. Ila salamu alimpa mwenyewe kwa kinywa chake mpaka alipofariki, na kila alipomsalimu alimwita mwanangu. Na kila walipokuwapo watu wawili wanasitasita kushikana kwa sababu ya cheo, au aibu, au ugomvi wa jana, na huku mmoja wao anateleza, mtu wa Mwagulila aliwaambia kile alichokisema mama yule akiwa amempakata mtoto aliye hai: kokoto mpya haimjui mkwe.